Mstari Ambao Mama Hakuusema

Mama alinifunga kilemba, akakitazama, akakifungua, akakifunga upya. Ilikuwa mara ya tatu.

"Mama, nitachelewa basi."

"Utapata lingine. Nyumba ya wakwe unaingia kwa mara ya kwanza mara moja tu." Alirudi nyuma hatua mbili anitazame vizuri. "Wagisu wakikupa malewa, kula. Usiulize ni kitu gani. Wakikuuliza unajua kupika nini, sema kila kitu. Utajifunza baadaye."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alishika ncha ya kilemba changu kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Na lile shairi usilisome kule."

"Lipi?"

"Unajua lipi."

Nililijua. Hadi nilipotimiza miaka kumi na mmoja tuliishi ukingoni mwa Nile, mahali ambapo usiku uliweza kusikia maporomoko yakinguruma ukiwa kitandani. Kisha bwawa likajengwa, maji yakapanda, maporomoko yakanyamaza, nasi tukahamishiwa Bugembe kwenye nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara kuu ya Iganga. Tangu hapo, kila mwaka, wanawake wa kijiji chetu cha zamani hukusanyika uani kwetu. Husimama duara. Mama huanza kusema, na wenzake humjibu. Shairi lile ni kama mtu anayetembea ndani ya boma letu lililozama, akitaja kila kitu mahali pake: mfenesi, jiko, majivu. Na kwa kila alichotaja, wanawake hujibu, "Ni maji."

Nilipokuwa chuoni nililitoa katika Kisoga nikaliweka katika Kiswahili. Nimelisoma kwenye kumbi tatu. Mwishoni Mama hunyamaza ghafla, kana kwamba mtu amemziba mdomo, na wanawake huinamisha vichwa. Nami huwa nanyamaza vivyo hivyo. Watu hukipigia makofi kimya kile.

"Hamuza alinipenda kwa sababu ya shairi hilo, Mama."

"Basi amekwisha kupenda. Yatosha. Una mashairi mengi, soma ya maua." Akanishika mashavu kwa mikono yake miwili. "Niahidi, mwanangu."

Nilimwahidi. Mungu anajua nilikusudia kuitimiza ahadi ile.

*

Nyumba yao iko chini kabisa ya mwamba wa Wanale, mahali ambapo maporomoko membamba yanashuka kutoka juu kama nyuzi nyeupe. Hamuza alikuwa langoni. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Mwalimu wa hesabu huyu, ambaye huwafanya wanafunzi mia wanyamaze kwa kukohoa tu, alinitazama akasahau kunisalimia.

"Karibu," alisema hatimaye.

"Ulikuwa umesahau neno hilo?"

"Nimesahau maneno yote. Limebaki hilo moja."

Macho yake yalikaa usoni mwangu kwa muda mrefu kuliko uungwana unavyoruhusu. Sikutaka ayaondoe.

"Hamuza!" sauti iliita kutoka ndani. "Mwache mtoto aingie! Utamtazama mpaka aishe?"

Huyo alikuwa Shangazi Nambozo, dada ya baba yake, aliyemlea Hamuza na ndugu zake tangu mama yao alipofariki. Nilipopiga magoti kumsalimu alinyamaza kidogo, kama mtu aliyekuja na fimbo akakuta nyoka hayupo.

"Mh. Wasoga bado mnapiga magoti?"

"Bado, Shangazi."

"Na viazi vitamu bado mnakula asubuhi, mchana na jioni?"

"Jioni tunapumzika."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Njoo hapa, ukae karibu nami. Sasa nikwambie siri. Mwanaume huyu unayemwona alisimama mbele ya kisu cha tohara, watu mia tano wakimkodolea macho, hakupepesa hata ukope. Lakini tangu asubuhi ananiuliza kama mchuzi una chumvi, kama kochi ni safi, kama choo kinanuka!"

"Shangazi!" Hamuza alilalamika.

"Nasema uongo?"

Baba yake aliingia wakati tunacheka. Mzee Mubaraka alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri. Alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Hamuza alikuwa amenieleza kwamba nusu ya viwanja vya Mbale vilipimwa na mikono ya baba yake. Alinipokea kwa upole, akaniuliza habari za safari, za mama yangu, za kazi yangu katika duka la vitabu la Bwana Shashikant pale Jinja. Alikuwa na desturi ya kusikiliza jibu hadi mwisho. Nilimpenda mara moja. Nalisema hili kwa sababu ya yaliyofuata.

Malewa yaliletwa, machipukizi ya mianzi katika mchuzi mzito wa karanga. Nilikula sahani nzima. Shangazi Nambozo alichungulia sahani yangu.

"Huyu ni wetu," akatangaza. "Wale waliosema mwanetu asioe nje ya Bugisu waje waone sahani hii."

"Nani alisema?" Hamuza aliuliza.

"Mimi," alijibu bila haya. "Jana."

Wakati wa chai Mzee Mubaraka aliweka kikombe chake chini. "Hamuza ananiambia wewe ni mshairi. Ananiambia una shairi la mto linalomnyima usingizi."

Nilijaribu kukwepa. "Ninayo mengine pia, Mzee. Lipo moja la..."

"Hilohilo la mto," alisema Hamuza, akinikodolea macho yaliyojaa fahari. "Tafadhali."

"Au mashairi yake ni ya kutongozea watoto wa watu tu?" Shangazi alinichokoza.

Niliwatazama wote watatu. Walikuwa wamenipa chakula, kicheko, na kiti karibu na mama mwenye nyumba. Nilitaka wanipende zaidi. Nilimkumbuka Mama akinishika mashavu, nikajiambia kwamba Bugembe ni mbali, hatajua. Nikasimama.

"Nikinyamaza kila baada ya mistari miwili," niliwaambia, "jibuni: Ni maji."

Nikaanza.

*Pita mlango wa mbele,*
*mfenesi ukulaki.*

"Ni maji," walijibu Hamuza na Shangazi. Mzee Mubaraka hakujibu. Nilidhani anasikiliza.

*Hesabu hatua kumi*
*ufike jikoni kwangu.*

"Ni maji."

*Majivu yangali moto,*
*nyuma pana mulamula.*

"Ni maji," Hamuza alijibu. Shangazi alikuwa amegeuka kumtazama kaka yake.

*Miche saba ya duara,*
*mguu usikanyage.*

Hakuna aliyejibu. Kikombe cha Mzee Mubaraka kilikuwa kinagonga kisahani chake, tik tik tik, kwa sababu mkono uliokishika ulikuwa unatetemeka. Ningeacha. Lakini nilikuwa nimebakiza mistari miwili, na mshairi mpumbavu huona mtetemo wa msikilizaji kuwa sifa.

*Mwenye utepe mwekundu,*
*ulipita ukaona...*

Nikanyamaza, kama Mama anavyonyamaza. Nikainamisha kichwa.

Na ndani ya kimya kile, kwa sauti iliyopasuka, baba yake Hamuza akasema kwa Kisoga:

*"Mbona hukurudi tena?*
*Umemwacha Nakisige."*

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilitazama mdomo wake.

"Umesema nini, Mzee?"

Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu zake nyeupe naye hayafuti.

"Umesema jina langu," nilimwambia. "Shairi hili halina mwisho. Mama hakulimalizia kamwe. Hakuna mtu anayejua mwisho wake. Wewe umeutoa wapi? Na kwa nini jina langu?"

"Baba?" Hamuza alisimama. "Baba, kuna nini?"

"Mama yako anaitwa Fatumah," alisema Mzee Mubaraka. Hakuwa anauliza. "Ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto."

Nilikaa chini, si kwenye kochi, sakafuni. Shangazi Nambozo alinishika bega.

"Mimi ndiye mwenye utepe mwekundu," alisema Mzee.

*

Alituambia pale pale, polepole, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Kabla ya maji kupanda aliajiriwa kwa miezi minne kuorodhesha makaburi ya ukingo ule, ili wafu wahamishwe. Kila kaburi alilifunga utepe mwekundu. Katika boma letu alipokelewa na babu yangu, aliyemwonyesha makaburi ya wazee, moja baada ya jingine. Nyuma ya jiko Mzee Mubaraka aliiona mimea saba ya mulamula, majani marefu, imepandwa duara. Kwao Wanale mimea ile hupandwa mpakani mwa mashamba. Hakuuliza. Aliandika "mpaka" akaendelea na kazi.

Lakini katika ukoo wetu mtoto mchanga akifa huzikwa na wanawake, nyuma ya jiko, naye hupandiwa mulamula. Wanaume hawalisogelei kaburi lile wala hawalitaji. Babu yangu hakulionyesha kwa sababu halikuwa lake kulionyesha. Na aliyepaswa kulionyesha, mama yangu, wiki ile alikuwa hospitalini akiniuguza mimi malaria.

"Siku ya kuwafukua wafu alinijia," alisema Mzee Mubaraka. "Wazee wanavishwa lubugo, nguo ya magome ya mti, majina yao yanaitwa, na yeye amesimama mbele yangu. Alinieleza. Nikamwambia nitarudi. Maji yalipoanza kupanda alinijia tena, akaniambia maneno haya ya shairi lako, yote, hadi mwisho, na wanawake wakamjibu. Nilimwambia tena, nitarudi, mama. Nilikwenda ofisini. Orodha ilikuwa imetiwa saini, imefungwa. Ningeifungua ningesema nilikosea. Niliogopa. Nikanyamaza." Alipumua. "Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. La pili nililijua vizuri."

"Mtoto gani?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Mama."

Mzee alimtazama Shangazi, kana kwamba anamwomba amsaidie. Shangazi akatikisa kichwa.

"Wa pili," alisema Mzee. "Ulipewa jina la dada yako."

Nilikumbuka jirani mmoja, siku moja nikiwa mdogo, akisema, "Mama yako tulimwita Mama Nakisige hata kabla hujazaliwa." Nilicheka nikidhani ni utani. Nilikumbuka nilipomfunga mbuzi kwenye mche mmoja nyuma ya jiko, na Mama, ambaye hakuwahi kunipiga, akanipiga kibao kisha akalia kuliko mimi.

Miaka yote Mama alikuwa anafika kwenye mstari ule na kunyamaza. Hakuweza kusimama mbele yangu, mimi hai, aseme kwamba Nakisige yuko chini ya maji. Na mimi nilikuwa nimezunguka kumbi tatu nikipigiwa makofi kwa kimya kile.

Nilitoka nje. Sikumbuki mlango.

*

Hamuza alinikuta ukutani, nyuma ya tangi la maji.

"Nakisige."

"Usiniite hivyo."

Alisimama pale alipokuwa. "Nikuite nani?"

"Sijui." Niligeuka nikamkabili. "Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Baba yako alifanya kazi kwetu miezi minne, na wewe hukujua?"

"Nilikuwa mtoto. Alikwenda kazini, akarudi na mikate ya Jinja. Hilo ndilo nililojua." Alipitisha kiganja usoni. "Kila mwaka kuna siku moja anafunga mlango wake hali chakula. Shangazi hutuambia anamlilia mama yetu. Nilimwamini mpaka leo."

"Dada yangu yuko chini ya maji, Hamuza. Boti za watalii zinapita juu yake. Na mimi nimekula malewa yenu nikalamba sahani!"

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo! Nigombeze! Sema lolote!"

"Niseme nini?" Sauti yake ilikatika. "Niseme mimi si baba yangu? Ni kweli, lakini ni neno jepesi. Ukitaka kurudi Jinja sasa hivi nitakusindikiza kituoni, wala sitakuomba unipigie simu. Lakini nikisema nimeacha kukupenda nitakuwa nimekudanganya, na nadhani nyumba yetu imenyamaza vya kutosha."

Nilimtazama. Mikono ya shati lake la bluu ilikuwa imelala. Nilitamani kumpiga, na nilitamani kuficha uso kifuani pake, na mambo hayo mawili yalikuwa na nguvu sawa.

Badala yake nilitoa simu nikampigia Mama.

"Umekwisha kula?" aliuliza kwa furaha. "Walikupa malewa?"

"Mama, nimelisoma."

Kimya.

"Baba yake Hamuza amelimalizia."

Kimya kile hakikuwa kile cha ukumbini. Nilisikia lori likipita barabarani Bugembe, kuku, redio ya jirani. Kisha Mama akasema:

"Mrefu? Mwembamba?"

"Ndiye, Mama."

Niliogopa. "Mama, sema kitu. Sema nirudi, nitarudi. Sema nimwache, nita..." Sikuweza kumaliza. Hamuza alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwulize," alisema Mama hatimaye, "kama aliona miche mingapi."

"Mama?"

"Mwulize! Miaka yote naambiwa hakukuwa na kaburi. Orodha haina. Babu yako alikufa bila kulitaja. Wanawake walionisaidia kuzika wamebaki wawili. Wakati mwingine hata mimi huamka nikidhani nilimwota. Mwulize aliona nini."

Nilipogeuka, Mzee Mubaraka alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, kofia mkononi. Chini ya kwapa alikuwa na daftari la zamani lenye jalada la kijani. Nilifungua spika ya simu.

"Mama anauliza uliona miche mingapi."

Alifungua daftari, moja kwa moja kwenye ukurasa, kama mtu aliyeufungua mara nyingi. Ulikuwa mchoro wa kalamu ya risasi. Nilitambua mlango wa mbele. Nilitambua mfenesi. Kutoka mfenesi hadi jikoni kulikuwa na mstari na vipimo vyake. Na nyuma ya jiko, vidoa vidogo kwenye duara, na pembeni neno moja: mpaka.

Nilihesabu kwa kidole.

"Saba, Mama. Amechora saba. Na mfenesi upo. Na jiko."

Mama alilia. Sikuwahi kumsikia akilia vile. Alilia kama aliyerudishiwa kitu. "Kwa hiyo alikuwepo," alirudia. "Alikuwepo. Alikuwepo."

Mzee Mubaraka alipiga magoti kwenye vumbi la ua wake mwenyewe, mbele ya simu.

"Mama Nakisige," alisema. "Niliahidi kurudi."

"Uliahidi." Sauti ya Mama ilikuwa imekaza. "Sijakusamehe, bwana. Usinisikie nikilia ukadhani nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Basi sikiliza. Mwanao anamtaka binti yangu. Kabla ya washenga, kabla ya mbuzi, kabla ya mtu yeyote wa nyumba yako kukanyaga uani kwangu, utakuja wewe. Peke yako, na hilo daftari. Utasimama mbele ya wanawake wote uwaonyeshe. Baada ya hapo nitajua kama nina la kusema na nyinyi."

"Nitakuja. Jumamosi hii."

"Uliwahi kuniambia hivyo."

"Nitamleta mwenyewe, Mama," alisema Hamuza. "Nitamwacha barabarani, nisiingie uani mpaka uniite."

Mama alifikiri. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, Mama," nilijibu.

"Sauti yake si mbaya," alisema, na katikati ya siku ile ya ajabu karibu nicheke.

Mzee alitoa kalamu mfukoni akaninyooshea. Nilielewa anataka nini. Niliitazama kalamu, nikaitazama duara ile ndogo ya vidoa.

"Hapana, Mzee," nilimwambia. "Andika wewe. Na umsomee Mama."

Alikata neno "mpaka" kwa mstari mmoja. Kisha, juu yake, herufi baada ya herufi, akaandika jina ambalo nimeitwa maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza nililiona si langu. Lilikuwa la mtu mwingine, mdogo, aliyelala mahali panapojulikana.

"Nakisige," akasoma.

Kutoka Bugembe, Mama akajibu, "Ni maji."

Na kando yangu, taratibu, bila mtu kumwambia, Hamuza naye akajibu. Nilinyoosha mkono bila kumtazama, akaushika.